Spika za Chumba Kirefu

"Spika haina kosa, shemeji," Besi alisema tena, huku akipangusa vumbi la boksi kwa mkono wa shati lake. "Spika haina roho ya kumchukia mtu. Mdogo wako hakusikia kwa sababu hakusikia."

"Hiyo ni sababu au ni habari?" Mama Mapacha aliuliza.

"Vyovyote."

"Siyo vyovyote. Nimekuuliza kwa nini kwenye jaribio la jana waliokaa mbele wamefaulu na waliokaa nyuma wameporomoka kama magunia. Wewe unanihubiria habari za roho."

Mwalimu wa sarufi alikuwa amekaa juu ya dawati la mbele, miguu inaning'inia. Alikohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kuombea nafasi ya kusema. "Kwa uzoefu wangu, mama, wanafunzi dhaifu hukaa nyuma. Hilo halihitaji spika."

"Jana hawakuchagua pa kukaa. Walipangwa kwa namba."

"Basi namba nazo ziliwajua," alisema mwalimu, akajichekea mwenyewe.

Mama Mapacha hakucheka. Chumba hiki kirefu kilikuwa duka la vigae kabla hajakikodi na kukigeuza darasa la lugha. Sakafu yake bado ilikuwa na vigae vinavyong'aa kuliko vya hospitali, upande mmoja ulijaa madirisha ya vioo, na dari lilikuwa chini kiasi kwamba mtu mrefu akinyoosha mkono aliweza kulipapasa. Keshokutwa kingekuwa chumba cha mtihani. Watu wangekaa kimya, rekodi ya mtihani wa kusikiliza ingepigwa mara moja tu, na mtu ambaye neno lingempita ndiyo basi, hakuna kurudia.

Katika watu hao alikuwamo mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda hata baada ya kuwa muuguzi mwenye saa ya kifuani na sauti ya kuamrisha wagonjwa. Kulikuwa na hospitali ya ng'ambo iliyokwisha kumwekea nafasi, ikingoja cheti cha lugha tu. Mwaka jana alianguka kwenye kusikiliza, chumba hiki hiki. Sheria ya mtihani ilisema ukianguka mara mbili, hurudii tena mpaka nywele zianze kukugeuka rangi. Jana, kwenye jaribio, alipewa kiti kile kile ambacho namba yake ingempeleka keshokutwa, nyuma kabisa kwenye kona ya dirisha, akarudisha karatasi nyeupe kama ilivyotoka kwa mchapaji.

Usiku wa jana Mama Mapacha alimpa za uso, kama kawaida yake. Alimwambia akili ameiacha wodini. Asubuhi Kitinda akatuma ujumbe: leo jioni ndiyo mwisho wa kujitoa, na yeye atajitoa. Nafasi ya ng'ambo na iende. Bora kuikosa kuliko kuanguka mara ya pili na kufungiwa mlango kabisa.

Ndiyo maana Mama Mapacha alikuwa amesimama katikati ya chumba tangu saa za mchana, mikono kiunoni, akitaka kujua jambo moja tu. Kosa ni la chumba au ni la mtoto? Kama ni la chumba, chumba kinatengenezeka. Kama ni la mtoto, basi ajitoe, na yeye mwenyewe atamsaidia kuandika.

"Haya," alisema. "Umeleta nini?"

Besi alifurahi. Alikuwa mdogo wa mume wake, mwenye duka la vyombo vya muziki, na jina la Besi alipewa na majirani zake ambao vikombe vyao vilikuwa vikitembea vyenyewe mezani kwa mdundo wa spika zake. Alikuwa ameleta aina tatu za spika kwa makubaliano kwamba zitakazokataliwa zitarudi dukani kwake. Za kwanza zilikuwa mbili, kubwa, nyeusi, zinamfikia mtu kifuani. Aliziita majitu, na aina hiyo ndiyo iliyotumika jana. Za pili zilikuwa nyembamba na ndefu kama milingoti. Aina ya tatu ilikuwa kwenye boksi ambalo hata hakulifungua, alilisukuma kwa mguu chini ya dawati.

"Na hizo?"

"Hizo ni vidogo vya saluni. Vya kutundika ukutani. Nimevibeba kwa bahati mbaya."

Wakaanza na majitu. Besi aliyaweka mbele, kulia na kushoto, akavuta waya, akaminya kitufe. Karani wa shule, binti mchangamfu aliyependa kuitwa kwenye jambo lolote lisilokuwa kazi yake, alikaa katikati. Mwalimu akaenda nyuma kwenye kona ya dirisha, akafumba macho kama mtu anayeonja dawa. Ikapigwa rekodi ya mazoezi, ile ambayo mwalimu huitumia kila muhula: abiria amepoteza sanduku stesheni, anamsumbua mlinzi.

Mama Mapacha alitembea. Lugha ile aliijua vizuri, stashahada yake yote ya biashara aliisoma kwa lugha hiyo hiyo, ila kufundisha hakufundisha. Yeye alikuwa wa ofisini, mambo ya kodi, chaki na vyoo. Kwa hiyo sanduku la stesheni hakuwa amelisikia hata siku moja, isipokuwa kelele zake nyuma ya ukuta.

Mbele, sauti ilimpiga kifuani. Katikati alipata maneno. Alipofika nyuma, maneno yakayeyuka. Sauti ilikuwapo, tena nyingi, ilijaa masikioni kama uji unavyojaa kwenye kijiko, lakini hapakuwa na neno la kulishika mkono. Mlinzi akasema kitu. Abiria akasema kitu. Vioo vikasema kitu pia.

"Safi kabisa," alisema mwalimu, macho bado yamefumba.

"Safi?"

"Kila neno, mama. Kama maji ya chupa."

"Amesema nini sasa hivi?"

Mwalimu akataja neno kwa neno, mpaka koma. Karani akaitikia kutoka katikati, akaongezea na sentensi iliyofuata.

Mama Mapacha alitia kidole sikioni, akakitikisa. Akahamia sikio la pili. Akamwambia mwalimu ainuke, akakaa yeye kwenye kiti cha Kitinda. Uji ule ule.

"Weka ile milingoti," alisema.

Milingoti ikawekwa. Rekodi ikaanza mwanzo. Safari hii karani alikaa nyuma, mwalimu mbele. Mama Mapacha aliketi ubavuni mwa karani, mabega yanagusana, wote masikio mawili mawili, wote hawajazeeka. Karani alikuwa akitikisa kichwa na kutabasamu kama mtu anayesimuliwa umbea. Mama Mapacha alikuwa akiona ukuta tu.

"Umesikia?" alimnong'oneza.

"Ndiyo, Mama. Sanduku lina mkanda mwekundu."

Mkanda. Wapi pamesemwa mkanda?

Hapo aliingiwa na hofu nyingine, si ya mtihani. Mama yao mzazi alimaliza maisha akiwa kiziwi, akipigiwa kelele hata za kuombwa chumvi. Labda ndiyo imeanza. Labda ni ya damu, na Kitinda naye anayo, na yeye jana alimtukana mtoto kwa ugonjwa wa mama yao. Alijikaza kisabuni, akasema kwa sauti kavu, "Rudisheni majitu."

"Shemeji, chagua moja basi," Besi alilalamika. "Tumekuwa kama watu wanaohamisha nyumba."

"Rudisha."

Akayarudisha. Rekodi ikapigwa tena, sauti juu kidogo, na Mama Mapacha alikaa kwenye kona ya dirisha, ameinamisha kichwa kama mtu anayeombewa.

Akasikia.

Alisikia sanduku. Alisikia mkanda, mwekundu kama alivyosema karani. Alisikia mlinzi akiuliza tiketi iko wapi. Siyo yote, lakini mengi. Spika zile zile alizozisikia kama uji mwanzoni, kiti kile kile, masikio yale yale, na sasa maneno yalikuwa yanamjia moja moja, yamevaa na viatu.

Badala ya kufurahi, alichanganyikiwa zaidi. Kama majitu ni mabaya, mbona sasa anasikia? Kama ni mazuri, mbona mwanzoni hakusikia? Na kama kosa ni la masikio yake, masikio gani hupona katika muda wa kuhamisha waya?

"Unaona," Besi alisema. Alikuwa ameuona uso wake. "Masikio nayo huzoea. Yanataka kupashwa moto kama gari."

"Masikio hayana injini."

"Lakini umesikia, hujasikia?"

"Nimesikia," alikiri. Na kulikuwa na mtu ambaye kukiri kule kungemgharimu.

Mtu huyo aliingia wakati huo huo, viatu vyeupe vya kazini mkononi, miguu ndani ya ndala, ametoka zamu moja kwa moja. Kitinda alisalimia wote kwa mpigo, akamwamkia mwalimu, akamkwepa dada yake kwa macho.

"Nimekuja kukwambia uso kwa uso, dada. Usije ukasema nimejificha. Ujumbe wa kujitoa nimeshauandika, bado kuutuma."

"Kaa kwanza. Kiti chako kile."

"Dada."

"Kaa. Ukishasikiliza, tuma utakacho."

Kitinda alikwenda nyuma, akaketi kwenye kona ya dirisha, viatu mapajani. Besi akaminya kitufe. Abiria akaanza kulia na sanduku lake.

"Unasikia?" Mama Mapacha aliuliza kutoka katikati ya chumba.

Kitinda alitega sikio. Kisha uso wake ukaporomoka. "Nasikia yote," alisema. "Yote kabisa. Kwa hiyo siyo spika. Ni mimi."

Besi alifungua mikono yake pande mbili, kama wakili aliyemaliza kazi, na hata mwalimu akakohoa kwa huruma. Kitinda akaitoa simu mfukoni.

Ushahidi wote ulikuwa upande mmoja. Mwalimu anasikia, karani anasikia, mtoto mwenyewe anasikia. Mama Mapacha mwenyewe, tangu mara ya tatu, anasikia. Kwa nini basi kichwa kilikuwa kinakataa, kama punda aliyeona daraja? Alisimama pale pale huku abiria akiendelea kulalamika, mlinzi akiendelea kumvumilia, na karani, kwenye kiti chake, akaanza kucheka.

Mwalimu naye akatabasamu. Kitinda, na machozi yake, akavuta pumzi ya kicheko kwa pua.

Ndipo mlinzi akamwambia abiria: umelikalia.

Mama Mapacha aligeuka polepole.

"Zima," alisema.

Besi akazima.

"Mmecheka nini?"

"Hilo sanduku, Mama," karani alisema, bado mbavu zinamtetemeka. "Kumbe amelikalia mwenyewe."

"Najua amelikalia. Nimesikia. Lakini wewe umecheka kabla mlinzi hajasema."

Karani aliangalia juu kama mtu anayetafuta alipoangusha kitu.

"Mwalimu, hii rekodi umeisikia mara ngapi?"

"Oo, mama. Miaka. Naweza kukuimbia nikiwa usingizini."

"Karani?"

"Dawati langu liko nyuma ya ukuta huo. Naipata kila siku ikipita."

"Na wewe?"

Kitinda alikuwa ameishusha simu. "Ninayo nyumbani. Naisikiliza nikifua."

"Na mimi nimeisikia mara tatu leo, ndiyo masikio yangu yakapona." Mama Mapacha aliipiga meza kwa kiganja, si kwa hasira. "Hakuna mtu humu ndani anayesikiliza spika. Kila mtu anasikiliza kichwa chake. Mngeweza kuniwekea sufuria pale mbele, mngesema safi kama maji ya chupa."

"Lakini sauti ilikuwepo," mwalimu alijitetea.

"Sauti ilikuwepo. Maneno mlikuja nayo kutoka nyumbani. Jana rekodi ilikuwa mpya, ndiyo maana nyuma hawakuambulia kitu."

Besi alijikuna kisogo. "Sasa shemeji, spika tutaipima kwa nini? Kila nilichonacho dukani ni nyimbo, na nyimbo kila mtu anazijua."

Mama Mapacha aliizunguka meza akiwaza. Jambo lolote lenye maana lina mkia, na ukishika mkia unabuni mnyama mzima. Ilitakiwa kitu kisicho na mkia wala kichwa. Alichukua simu yake, akaingia stoo, akafunga mlango, na wote wakasikia sauti yake ikisema peke yake mle ndani kama mganga. Alipotoka, alikuwa na utando wa buibui begani.

"Karatasi," alisema. "Kila mtu aandike anachosikia. Usichosikia, acha wazi. Atakayebuni nitamjua. Mwalimu kona ya kulia, Kitinda kiti chako, karani kati, Besi mbele."

"Na mimi naandika?"

"Wewe ndiye muuzaji. Andika."

Simu ikaunganishwa kwenye majitu. Sauti ya Mama Mapacha ikatoka, nene kuliko yeye mwenyewe, ikitaja vitu visivyojuana, kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wa mtu anayehesabu nguo za dobi. Kiatu. Mvuke. Tango. Shemeji. Risiti. Iliendelea hivyo mpaka ikachoka.

"Mbona mimi nimetajwa kati ya tango na risiti?" Besi aliuliza.

"Umesikia vizuri. Lete karatasi."

Ya Besi ilikuwa imejaa. Ya karani ilikuwa na matundu. Ya mwalimu, pale kona ya nyuma, ilikuwa na maneno machache sana yaliyosimama mbalimbali kama watu waliogombana, na mengine yote mstari mtupu. Mwalimu aliitoa huku ameikunja, ingawa haikuwa siri. Mama Mapacha alichukua ya Kitinda mwisho. Ilikuwa na mistari mitupu mingi, lakini iliipita ya mwalimu.

Alizilaza zote mbili mezani, moja pembeni ya nyingine, akamwita mdogo wake aje aone. Kitinda aliziangalia, akamwangalia mwalimu, akaziangalia tena.

"Hata mwalimu?" aliuliza.

"Hata mimi," mwalimu alisema, na safari hii hakukohoa. "Mwanangu, kule nyuma ni kama kusikiliza ugomvi wa jirani. Unajua wanagombana, hujui nini."

Milingoti ikapimwa kwa maneno mapya, kwa sababu yale ya kwanza yalikwisha kuharibika, yalikuwa vichwani. Ikafanya afadhali kidogo kati, nyuma yale yale. Besi akapandisha sauti. Nyuma ikawa mbaya zaidi. Hilo nalo liliwashangaza wote, na Besi kuliko wote, maana maisha yake yalijengwa juu ya imani kwamba kila shida ya sauti inataka sauti zaidi. Kadiri alivyopandisha, ndivyo vioo na vigae vilivyojibizana, na neno likafika kule nyuma likiwa na ndugu zake wote nyuma yake.

Mama Mapacha alisimama kando ya spika, akasogea hatua moja, akasogea nyingine, akisikiliza. Hapa karibu, neno ni neno. Pale mbali, neno ni umati. Basi mtu wa nyuma hakuhitaji sauti kubwa. Alihitaji spika karibu.

"Fungua lile boksi," alisema.

"Shemeji, nimeshasema, hizo za saluni. Zina sauti ya mbu. Wasimamizi wa mtihani wakiingia wakaona vile vibakuli ukutani, watadhani tunasuka nywele."

"Wakidhani hivyo nitawasuka. Fungua."

Vilikuwa vidogo kweli, vyeupe, kila kimoja kinatosha kwenye kiganja. Wakaviweka juu ya madawati kwa muda, kimoja huku, kimoja kule, kufuata kuta zote mbili ndefu mpaka nyuma, waya zikitambaa sakafuni. Mama Mapacha akarudi stoo, akasema maneno mengine. Sauti ilipotoka, kila mmoja alikunja uso. Ilikuwa nyembamba, haina kifua, kama ya mtu aliyekatazwa kupiga kelele. Karani alisema haraka kwamba hii mbaya. Mama Mapacha mwenyewe hakuipenda. Majitu yalimfanya asikike kama waziri. Hivi vilimfanya asikike kama Mama Mapacha.

Karatasi zikakusanywa. Ya Besi ilijaa. Ya karani ilijaa. Ya mwalimu, tundu moja, akaapa ni wino. Ya Kitinda, kutoka kona ya dirisha, haikuwa na mstari mtupu hata mmoja.

"Sielewi," Besi alisema, na alisema kweli. "Nzuri ndiyo mbaya, mbaya ndiyo nzuri?"

"Hata mimi sielewi yote," Mama Mapacha alisema. "Naelewa karatasi."

Akatembea chumba kizima huku sauti yake mwenyewe ikimtajia ndoo na mwezi na kibiriti. Mbele ilikuwa ile ile, kati ile ile, nyuma ile ile, kama mtu anayetembea naye ubavuni. Alipofika kona ya dirisha alisimama mbele ya mdogo wake. Maneno ya jana yalikuwa bado kati yao, na yeye hakuwa fundi wa kuyafagia.

"Akili hukuiacha wodini," alisema. "Mimi ndiye niliyekuweka mahali pa kelele, kisha nikakuuliza mbona husikii."

"Na keshokutwa nikianguka?"

"Ukianguka, utaanguka kwa lugha, siyo kwa vigae. Hilo siwezi kukutundikia ukutani."

Kitinda alicheka kidogo, bila kupenda. Mama Mapacha alishageuka.

"Besi, majitu na milingoti rudisha kwenye gari. Drili unayo?"

"Ninayo, lakini kuta zimepakwa rangi juzi tu. Na mwenye nyumba alisema asione tundu."

"Mwenye nyumba atakuja mwisho wa mwezi. Mtihani ni keshokutwa. Lete drili. Mwalimu, shika ngazi. Karani, zile waya zipite juu, mtu asijikwae."

Kitinda aliitoa simu. Aliutazama ule ujumbe, akaufuta herufi kwa herufi, kama mtu anayefumua mshono ulioenda kombo, kisha akavua ndala, akapanda juu ya kiti chake cha kona na kukishika kispika cheupe ukutani kwa mikono miwili.

"Hapa?"

"Juu kidogo. Hapo. Usitikisike," alisema Mama Mapacha, na drili mkononi mwake ikaingia ukutani, rangi mpya ikimwagika mabegani mwao wote wawili.